Nirudishie kwa Maneno Yako

Mimi ni fundi cherehani, na koti jeupe la daktari sijawahi kulivaa ila kwa kulijaribisha baada ya kulishona. Lakini niulize chochote kuhusu chanjo, presha, kifua kikuu au vyandarua, nitakujibu bila kumeza mate. Si kwamba nimesoma. Nimeoa.

Mke wangu anafanya kazi katika ofisi ya afya, ile yenye geti la bluu na ngazi zilizomomonyoka. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba zahanati na vituo vyote vidogo vya eneo letu vinajua kilichobadilika. Wakubwa wakiamua kwamba dawa fulani isitumike tena, au wajawazito wapimwe kitu kipya, au mgonjwa wa aina fulani asirudishwe nyumbani bila kuonwa, waraka unaandikwa. Waraka ukishaandikwa, lazima awepo mtu wa kuhakikisha umefika. Na kufika kwenye meza si kufika. Kufika ni kuingia kwenye kichwa cha nesi mwenye foleni mpaka nje ya mlango. Mtu wa kuhakikisha ni mke wangu, na huko vituoni hawamwiti kwa jina lake. Wanamwita Mama Nirudishie.

Jina amelitafuta mwenyewe. Kila asubuhi, kabla foleni hazijarefuka, anapiga simu kituo kimoja baada ya kingine. Anasema jambo lenyewe kwa maneno machache, halafu anamaliza: "Haya, nirudishie kwa maneno yako." Ukimjibu "sawa mama, nimeelewa", hujamjibu. Hiyo sawa yako kampe mwenye duka. Yeye anataka umweleze wewe, kana kwamba yeye ndiye asiyejua kitu. Ukikosea hakugombezi. Anavuta pumzi, anasema upya kwa njia nyingine, na anakungoja tena. Kwa watu wazima wenye vyeti vyao ukutani jambo hilo mwanzoni lilikuwa chungu kama kwinini. Kuna mmoja alimkatia simu. Mke wangu akapanda gari siku hiyo hiyo, akaenda kusimama mbele ya meza yake na kumwambia, "Simu imekatika, nimekuja kumalizia." Tangu hapo hakuna aliyekata tena.

Naye hakuyaokota mambo haya hewani. Alikuwa nesi wa kituo cha darajani miaka mingi kabla ya kuhamia ofisini. "Waraka wa kurasa kumi na mbili," huniambia, "unafika wakati mtoto analia, mzee anakohoa, na mama mwingine uchungu umemshika. Unaupokea, unauweka mezani, na juu yake unaweka kopo la sindano ili upepo usiupeperushe. Basi. Hapo ndipo makazi yake. Siku ukiuinua unakuta kopo limeacha duara la kutu katikati ya maneno."

Sasa mimi naingiaje? Naingia kila jioni. Cherehani yangu iko barazani, na pembeni yake kuna kigoda cha wateja. Mke wangu akirudi hukaa kwenye kigoda hicho, huvua viatu, huning'iniza vidole vya miguu hewani, na kusema, "Fundi, sikiliza." Nasimamisha gurudumu la mashine. Ananisomea atakachowaambia vituoni kesho yake, nami namrudishia. Nikipatia, ananyanyuka akaone jikoni kuna nini. Nikikosea, macho yanamwaka kwa furaha, anachukua kalamu na kufuta. "Ukikosea wewe, na nesi aliyechoka atakosea," ananiambia. Mpaka leo sijaamua kama hiyo ni sifa au tusi. Ninachojua ni kwamba katika mji mzima mimi peke yangu ndiye niliyeajiriwa kukosea, na sijawahi kuvunja mkataba.

Mfano mmoja tu. Waraka ulisema miguu ya wagonjwa wa kisukari ipimwe kila wanapohudhuria. Nikamuuliza, "Ipimwe urefu au mzunguko?" na mkono wangu tayari umeshaanza kuivuta futi shingoni. Alicheka mpaka akashika ubavu. Alipomaliza kucheka akafuta sentensi yote, akaandika: Mvue mgonjwa viatu, tazama nyayo na kati ya vidole, tafuta kidonda ambacho yeye mwenyewe hakisikii. Wiki ile ile kituo cha sokoni walimpata mzee mwenye msumari kwenye kisigino, ametembea nao siku kadhaa bila habari. Mguu ule uliokolewa. Mke wangu aliporudi alinipiga kofi la mgongoni lililonifanya nishone mkono wa shati kwenye mfuko.

Usidhani ni mtu wa kuinamisha kichwa. Anajisifu kweupe. Akipata ushindi hata kuku wa jirani atajua. Nami namwacha, kwa sababu anayoyasema ni kweli, na kwa sababu nikijaribu kumnyamazisha nakiona cha mtema kuni.

Basi akaja Daktari Mkuu mpya. Kijana, shati limenyooshwa vizuri (natazama mashati kwanza, nisamehe), mwendo wa haraka, adabu nzuri. Alimwita mke wangu "mama" tangu siku ya kwanza. Akaunda kundi la simu, akawaingiza wakuu wa vituo vyote. Waraka ukitoka, anaupiga picha, anaurusha kundini, na kabla chai yake haijapoa majibu yanamiminika: imepokelewa, imepokelewa, imepokelewa, na vidole gumba vimesimama kama mahindi shambani. Daktari akafurahi. Nani asingefurahi? Akamwita mke wangu, akamweleza kwa upole kwamba zile simu za asubuhi zinawapotezea manesi muda ambao ni wa wagonjwa, kwamba sasa hazihitajiki, na kwamba mwisho wa mwezi yeye atahamia chumba cha mafaili ya zamani, mahali patulivu pa kumfaa mtu aliyefanya kazi muda mrefu.

Mahali patulivu! Mke wangu! Ungemwambia anahamia kaburini angeuliza kama kuna simu.

Jioni ile hakukaa kwenye kigoda. Alinipita na viatu vyake miguuni, akaingia ndani, akakaa kitandani na mkoba mapajani. Nilimfuata. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema, "Wameniambia hawanihitaji, Fundi. Wamenishukuru kabisa." Na hapo ndipo nilipomwona mke wangu, mwenye mdomo wa kutosha soko zima, akifungua na kufunga zipu ya mkoba tu. Iliniuma. Nilitaka kwenda kumvua yule kijana shati lake na kulifumua mshono mmoja mmoja.

Zikapita siku ambazo baraza ilikuwa na sauti ya mashine tu. Wateja waliniambia nimekuwa nashona haraka. Kweli, hakukuwa na wa kunisimamisha. Sikupenda hata kidogo.

Halafu, Alhamisi moja, alirudi, akasimama mlangoni, akaangalia kigoda kama mtu anayemtazama ndugu waliyegombana naye. Akakaa. Akavua viatu.

"Fundi, sikiliza."

Gurudumu likasimama lenyewe, naapa.

Ulikuwa waraka wa dawa ya maji ya watoto, ile ya kushusha homa ambayo kila nyumba yenye mtoto inaijua. Kuanzia Jumatatu vituo vyote vingepokea chupa mpya. Waraka ulikuwa umesharushwa kundini mchana, na wote walikuwa wameshajibu. Mke wangu hakuwa ameambiwa aufanyie lolote. Aliniambia anausoma kwa mazoea tu, kidole kinamwasha. Akausoma wote, ukurasa kwa ukurasa, na mimi nikasikiliza kama ninavyosikiliza siku zote, yaani kwa sikio moja, la pili likiwa kwenye pindo la sketi.

"Nirudishie."

"Zinakuja chupa mpya kutoka kiwanda kingine," nikasema. "Dozi haijabadilika. Aliyekuwa anapewa kijiko kizima aendelee na kijiko chake kizima."

Hakucheka. Hakuchukua kalamu. Aliniangalia mpaka nikadhani nimejichoma sindano bila kujua.

"Dozi ile ile umeitoa wapi?"

"Si umesoma mwenyewe? Kiwango cha dawa kulingana na uzito wa mtoto kinabaki kama kilivyokuwa."

Akarudi kwenye karatasi. Sentensi ilikuwepo, neno kwa neno, ukurasa wa mbele kabisa. Na ilikuwa kweli. Lakini kurasa za ndani huko, katikati ya jedwali lenye herufi za kuumiza macho, kulikuwa na jambo lingine: dawa ya chupa mpya imekolezwa mara mbili. Akanieleza kwa chai, maana ananijua. Ukitia sukari mara mbili kwenye birika, nusu kikombe kina sukari ya kikombe kizima. Mtoto anahitaji sukari ile ile, ndiyo, lakini sasa imo ndani ya nusu. Ukimpa kikombe kizima umemzidishia. Na dawa hii, ambayo sote tunaiona ya kawaida kama maji, ukiizidisha asubuhi na jioni kwa siku kadhaa inaliharibu ini la mtoto.

"Kwa hiyo nimekosea," nikasema.

"Umekosea vizuri sana," akasema, akiitafuta simu mkobani. "Swali ni wangapi wamekosea pamoja nawe."

Alikuwa amekatazwa kupiga simu. Alipiga. Alimpigia aliyerithi meza yake kule darajani, nesi mwenye akili na bidii ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi. Niliisikia sauti ya yule dada kwenye spika, imechangamka: "Mama! Tumekukumbuka! Ule waraka? Nimeusoma mama. Chupa mpya, kiwanda kipya, dozi ile ile. Kijiko kizima kama kawaida." Maneno yangu yale yale, isipokuwa yeye ana cheti.

Kesho yake asubuhi mke wangu alinivuta mkono. "Twende wote."

"Mimi nikafanye nini ofisini kwenu?"

"Ukae nyuma yangu. Nikitaka kulia nitakuangalia nicheke."

Nikaenda na futi yangu shingoni, sikukumbuka kuivua. Daktari Mkuu alitupokea vizuri, akatupa viti, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwonyesha simu yake. "Lakini mama, wote wamejibu. Tazama mwenyewe."

"Vidole naviona, daktari. Chagua mmoja, yeyote unayemwamini. Mpigie wewe."

Akachagua kituo cha sokoni, kinachoongozwa na tabibu aliyekula chumvi nyingi katika kazi hiyo. Akaweka spika. Wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua. "Ule waraka wa dawa ya watoto umeupata?" "Imepokelewa, daktari!" Mke wangu akamnong'oneza, "Mwambie akurudishie." Daktari akakohoa kidogo. Ilikuwa ni kama kumwambia mtu mzima akuonyeshe kucha zake. "Naomba... unirudishie kwa maneno yako."

Tabibu akasema, "Chupa ni mpya, dozi ni ile ile."

Daktari akapiga kituo kingine. Kijiko kizima. Akapiga cha tatu, na huko mkuu wa kituo alimuuliza ni waraka gani huo, ingawa kidole gumba chake kilikuwa cha kwanza kabisa kundini. Akaiweka simu mezani.

"Sentensi ile niliiandika mimi," akasema Daktari. "Nimeirudia mara nyingi. Ni sahihi."

"Ni sahihi kabisa," mke wangu akamjibu, "na itaua mtoto."

Hapa nilijiandaa kwa ugomvi. Nimeshawaona wakubwa wakiambiwa ukweli. Wengi huanza kutafuta miwani. Huyu alisimama, akazunguka meza, akavuta kiti chake mwenyewe, kile kikubwa cha magurudumu. "Mama, kaa hapa. Simu ya huku ndiyo nzima. Niambie niwaambie nini, na kwa maneno gani." Nikamsamehe papo hapo, na shati lake nikalisamehe.

Asubuhi ile ofisi iligeuka mnada. Mhasibu alipewa simu, karani akapewa simu, mlinzi wa getini akaitwa akapewa simu. Mke wangu aliwapanga kwenye korido, akawasomea ujumbe, na kila mmoja alilazimika kumrudishia kwanza kabla ya kuruhusiwa kumpigia mtu. Mlinzi alipatia mara ya kwanza. Mhasibu alihitaji kurudiwa, na mlinzi hatalisahau hilo mpaka astaafu.

Mimi nikaenda na mtunza stoo kuziangalia hizo chupa. Za kahawia, kifuniko cheupe. Akanishikisha moja ya zamani mkono huu na mpya mkono huu. Mapacha. Namba ya ukolezi ilikuwa imeandikwa pembeni kwa herufi za kumfaa mchwa. Nikajiuliza, nesi aliyechoka, chupa zote mbili kwenye kabati moja, atatofautisha kwa lipi? Nami kuhusu dawa sijui lolote, ila vitambaa navijua. Nyumbani nilikuwa na mfuko wa mabaki ya sare nyekundu, niliokuwa nauhifadhi bila kujua kwa nini, na mke wangu akinisema kila wiki niutupe. Nikaenda mbio, nikarudi nao na mkasi. Tukakata vitepe, tukafunga kimoja kimoja kwenye shingo za chupa mpya. Mke wangu alipokuja kuona, alisimama akatabasamu, akafuta ujumbe wake wote akaandika upya: Chupa yenye utepe mwekundu ina nguvu mara mbili. Toa nusu ya ulichozoea kutoa.

"Mfuko ule nisingekutupia kweli," akaniambia. Uongo mtupu.

Ndipo mtunza stoo alipojikuna kichwa. "Isipokuwa ule mzigo wa kituo cha mwisho wa barabara," akasema. "Gari lilikuwa linaenda huko juzi. Nikaupakia mapema, lisirudi mara mbili."

Kituo cha mwisho wa barabara kiko mahali ambapo simu inashika mtandao ukipanda kilimani tu, na nesi wake ni mmoja. Tulipiga. Haipatikani. Tukapiga tena. Haipatikani. Chupa zilikuwa huko tangu juzi, bila utepe, bila neno, ila ile sentensi sahihi.

Tuliondoka saa hiyo hiyo: dereva, Daktari Mkuu, mke wangu na mimi nyuma na kifurushi cha vitepe. Barabara ilikuwa imeliwa na mvua, gari linainuka na kujibwaga kana kwamba linatwanga. Daktari alishika kitasa cha mlango kwa mikono yote miwili. Mke wangu alikuwa anahesabu kwa midomo tu, watoto wangapi kwa siku, vijiko vingapi kwa mtoto. Niliogopa. Siwezi kulisema kwa njia nyingine. Niliwaogopea watoto nisiowajua, na nilimwogopea yeye, kwa sababu nilijua kwamba likitokea la kutokea, hatamlaumu Daktari wala mtunza stoo. Atajilaumu kwa zile asubuhi alizokaa kimya.

Tulipofika, benchi la nje lilikuwa limejaa akina mama na watoto. Wakati gari linasimama, mama mmoja alikuwa anatoka mlangoni, mtoto mgongoni, chupa ya kahawia mkononi. Mke wangu hakungoja dereva afunge breki. Aliruka, kiatu kimoja kikabaki ndani ya gari.

"Mama, samahani, samahani. Dawa ya mtoto wamekwambia umpe kiasi gani?"

Yule mama alituangalia, umati wa watu wasiojulikana na mmoja ana futi shingoni. Akakumbatia chupa yake.

"Nusu kijiko."

"Nusu?"

"Nusu. Hii ina nguvu kuliko ile ya mwezi uliopita. Nikimpa kijiko kizima nitamdhuru." Akaashiria mlango kwa kidevu. "Huyo nesi ana taabu kweli. Nilishaondoka, akanirudisha, eti mpaka nimweleze mimi kwanza. Nimemweleza ndiyo akaniachia."

Nesi mwenyewe alitokea mlangoni, mtu mrefu, miwani imefungwa kwa uzi, mikono ina sabuni. Wenzake wanamwita Taratibu, na utaelewa sababu. Alipomwona mke wangu alisimama kama aliyeona mzimu wa heri.

"Mama, mbona simu hukupiga?"

Akatueleza pale pale, kwa taratibu yake. Waraka aliuona alipopanda kilimani, akaupitia, akajibu imepokelewa kama wenzake. Na aliuelewa kama wenzake. Siku ya pili asubuhi alipanda tena kungoja simu ya Mama Nirudishie, kwa sababu siku zote likitoka jambo jipya yeye hupiga. Simu haikuja. "Nikasema basi, nitajirudishia mwenyewe. Nikamwita dada wa usafi, nikamsomea, nikamwambia anirudishie. Akasema dozi ile ile. Nikamwambia umepatia. Lakini moyo ukakataa. Nikajiuliza, mama angekuwa kwenye simu, angekubali kirahisi hivi? Asingekubali. Angeniambia nishike chupa. Nikaishika chupa, kabla sijampa mtu hata moja, nikaishika na ile ya zamani, nikasogea dirishani." Akavua miwani akaifuta. "Tangu asubuhi nimewaandikia wenzangu kundini. Ujumbe unazunguka tu, haujatoka."

Mke wangu alikaa kwenye benchi la wagonjwa, kiatu kimoja mguuni, akalia mbele ya watu wote. Mama mmoja alimsogezea nafasi, akidhani amefiwa. Alilia, halafu akaniangalia kama alivyoniahidi, akaanza kucheka, na machozi hayajakauka akapiga paja lake kofi moja la nguvu.

"Nimeshinda!" akasema. "Fundi, nimeshinda! Sikuwepo, na imefanya kazi!"

Daktari Mkuu alikuwa amesimama karibu yake, shati lote limejaa vumbi na matope. Alichosema alikisema kwa sauti ya chini, lakini nilikisikia: "Jumatatu asubuhi, mama, tunaanza saa ngapi?"

Jumatatu nilikwenda tena. Sikualikwa. Walikuwa wameweka simu ya spika katikati ya meza, na vituo vikaingia kimoja kimoja, na kila kimoja kikarudisha. Utepe mwekundu, nusu. Darajani, nusu. Sokoni, yule tabibu mzee, akaongeza na kicheko, "Nusu, daktari, na nimemrudishia mpaka mke wangu." Sauti ya mwisho ilikuja na upepo wa kilimani nyuma yake, inakatika na kurudi, na wote tukainama juu ya simu mpaka tuliposikia: nusu. Mlinzi wa getini alipiga makofi, tukampokea sote. Mafaili ya zamani yalihamishwa kwenye stoo, na chumba kile kitulivu akapewa mke wangu pamoja na simu mpya. Sasa hakina utulivu wowote. Kundi la simu bado lipo, ila imepokelewa ni marufuku. Daktari mwenyewe huwa anapita barazani kwangu jioni, anakaa kwenye kigoda, ananisomea alichoandika, nami namkosea kadiri ya uwezo wangu.

Lakini siku ninayoitaka kuimalizia nayo ni nyingine, wiki kadhaa baadaye. Mteja mgeni alikuja kuchukua gauni lake, ana mtoto mwenye homa begani. Alikaa kwenye kigoda, akatoa mkobani chupa ya kahawia yenye utepe mwekundu shingoni. Kitambaa changu, mkato wangu. Akamimina nusu kijiko, kwa uangalifu, kijiko akikisawazisha mbele ya macho.

Mke wangu alikuwa ndani, nikasikia sufuria zimenyamaza.

"Mbona nusu?" nikamuuliza. "Zamani si ilikuwa kizima?"

Yule mama aliniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia fundi cherehani asiyejua lolote la dunia. Akanieleza taratibu: kwamba chupa yenye utepe mwekundu ina nguvu mara mbili, kwamba nusu ya hii ni sawa na kizima cha ile, kwamba ukizidisha unamharibu mtoto ini. Akamfuta mtoto mdomo. Halafu akaninyooshea kijiko.

"Umeelewa, fundi? Haya, nirudishie."

Nikamrudishia. Na kwa mara ya kwanza tangu nioe, sikukosea hata neno.